Shajara ya Enfield ya babu, kuirudisha ilie tena

Januari, joto la kufa mtu

Hii ni bunduki ya Enfield, ile modeli ya 1853 ya jeshi la Uingereza, inashindiliwa kwa mdomoni. Naanza na hilo manake kila anayeiona anasema "ah, gobore," akimaanisha yale yanayofuliwa vijijini kwa bomba la maji na kitako cha mti wowote uliokuwa karibu. Hii haijatoka kwenye bomba. Mtutu ni chuma cha kufuliwa, inchi 39, pete tatu zinaubana kwenye mbao, kitako kina bamba la shaba ya njano, na ukiisimamisha chini inakufika kifuani, uzito kilo nne na kitu. Kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia, chini ya kutu, tumeona taji, neno TOWER na mwaka 1862.

Ilikuwa ya babu yake mke wangu, upande wa Handeni huko, alikuwa anafukuzia ngedere na nguruwe kwenye mahindi. Alipofariki ikabaki kwa baba mkwe, na baba mkwe ni mtu wa karatasi, akaanzia serikali ya mtaa, akaenda polisi, akafuata mlolongo wote mpaka leseni ikatoka kwa jina lake. Hapo nampa heko. Watu wengi wanadhani silaha ya zamani haihesabiwi, inahesabiwa sana tu, kukutwa na gobore bila leseni ni kesi na wanaofikishwa mahakamani kwa kesi hiyo wengi ni wakulima ambao hata hawakujua wanavunja sheria. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya 2015, isomeni. Na kutengeneza nako kunataka kibali, kwahiyo bunduki inalala kwenye sefu ya Mzee, fundi wa silaha mwenye kibali chake. Mimi ni mkerezaji tu hapa Ngamiani, Tanga, nakereza anachoniambia nikereze, na shajara naandika mimi kwasababu Mzee anasema mikono yake ina oili.

Baba mkwe sharti lake ni moja, hataki pambo la ukutani. Anataka ilie, na aipige yeye mwenyewe.


Wiki hiyohiyo

Kabla ya kutu, kabla ya picha, kabla ya chochote, unaangalia kama imejaa. Bunduki ya kushindilia haina pa kufungua uchungulie, kwa nyuma mtutu umezibwa na skrubu nene tangu kiwandani, kwahiyo unatumbukiza fimbo mdomoni taratibu mpaka igote, unaweka alama kwenye fimbo usawa wa mdomo, unaitoa, unailaza kwa nje juu ya mtutu alama ikiwa palepale mdomoni. Ncha ikifika usawa wa kifa, yaani kale kachuchu kanakovishwa fataki (kikofia kinacholipuka nyundo ikikigonga), basi ni tupu. Yetu iliishia vidole vinne kabla ya hapo.

Mzee akaiangalia ile fimbo, akaniangalia mimi. "Mwanangu, babu yenu kailaza na chakula tumboni."

Sasa hapa ndo pa kuelewa vizuri. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, hakuna kinachooza hapo, ikikaa pakavu inaweza kukaa miaka mia na ikawaka kama jana. Wanaochukua gobore la urithi wakaanza kulipasha moto ili kutu ilegee, au kulichomelea, Mungu anawalinda tu. Kinachoimaliza baruti ni maji, manake shura inayeyuka. Mzee akaifunga kwenye jiriwa mdomo ukitazama mifuko ya mchanga, marufuku mtu kukatiza mbele, akainyanyua kidogo akamimina maji ya moto yenye sabuni, akaiacha. Akarudia. Akaiacha tena, na mimi kwa pupa yangu nikawa nauliza kila asubuhi tayari bado, jibu lake "bado" bila kugeuka.

Alipoona imetosha akachukua fimbo ya shaba, ncha yake kafunga skrubu ya mbao, akaingiza mpaka ikagusa, akazungusha ikauma, akavuta. Kwanza likatoka donge la katani. Mkoa wa Tanga mpaka bunduki inakula katani, jamani. Nyuma yake vipande vya risasi vilivyokatwakatwa, misumari miwili bila vichwa, donge lingine la katani, halafu uji mweusi wenye harufu ya mayai viza. Tukasuuza mpaka maji yakatoka meupe na fimbo ikagota pale inapotakiwa kugota. Ile misumari Mzee ameiweka kwenye kopo dirishani, hataki itupwe.


Februari, kutu

Tumeivua nguo zote. Pete zimetoka kwa mafuta ya taa na subira, skrubu moja ya mtambo imegoma ikabidi tutengeneze bisibisi yake kabisa, tupa mpaka ncha ikajaa kwenye mfuo wa skrubu pande zote, manake bisibisi ya dukani ni ya kabari, inapanda inaharibu kichwa. Ukiona silaha ya zamani vichwa vya skrubu vimeliwa, ujue kuna mtu alikuwa na haraka.

Kutu ya mtutu tumeitoa kwa umeme. Bomba la plastiki la inchi nne limezibwa chini likasimamishwa nje uani, maji, magadi yale ya sokoni ya kupikia maharage, na chaja ya betri ya gari ya volti 12. Waya hasi kwenye mtutu, waya chanya kwenye kipande cha nondo. Ukizigeuza hizo waya unaula mtutu wako badala ya nondo, kwahiyo angalia kabla ya kuwasha, uangalie tena. Nondo iwe ya kawaida, stenlesi usiweke, maji yake yanakuwa sumu. Na fanya nje, ile povu inayopanda ni haidrojeni, inawaka, tulimfukuza kijana mmoja mwenye sigara akatuona wachawi.

Kwa ndani ya mtutu ni kazi ya utulivu zaidi. Unapitisha waya mnene wa chuma katikati, umevishwa vipete vilivyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli ili usiguse kuta, ukigusa tu shoti. Unaweka, unatoa, unasugua, unaweka waya mpya manake ule wa kwanza umeshaliwa.

Springi hazikuingia kwenye maji hayo kabisa. Haidrojeni inaingia kwenye stili ngumu ikaifanya iwe rahisi kuvunjika, na springi kuu ya mwaka 1862 ikikatika huendi kuinunua Barabara ya Kumi na Mbili. Hizo tumezifuta kwa mafuta ya taa na mswaki.

Kutu ikibadilika kuwa tope jeusi laini inatoka kwa stilwaya tu. Chini yake chuma ni kahawia ya kijivu, ina madoa, ina umri. Tukaacha hapo. Vijana wanaopita wanasema pigeni diski ing'ae, mmoja akaja mpaka na grainda yake ya mkononi kwa roho safi kabisa. Hapana bwana. Ukiipiga diski unaondoa chuma, unafuta mihuri, unabaki na bomba jipya lenye hadithi tu. Alama za ukaguzi zimeonekana vizuri sasa, na kando ya kifa kuna namba 25, hiyo ndo inakwambia ukubwa wa tundu kwa hesabu ya zamani ya Waingereza, yaani risasi 25 za ukubwa wa tundu zinatoka kwenye ratili moja. Kwa hesabu yetu ni inchi 0.577, milimita 14.66.


Machi, ndani ya mtutu

Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri. Nina kile kikamera cha waya wanachotumia mafundi wa magari kuchungulia silinda, unakichomeka kwenye simu. Tukakipitisha polepole kuanzia mdomoni, Mzee kavaa miwani miwili, mimi nimeshika simu, na baba mkwe naye alikuwepo siku hiyo kakaa kwenye ndoo.

Kuna mifuo, ile mikato ya ndani inayoizungusha risasi. Mitatu. Mipana, imechoka, lakini ipo, inapinda kidogo sana ukiifuata kwa macho, na ndivyo inavyotakiwa iwe kwasababu kwenye modeli hii mfuo unakamilisha mzunguko mmoja kila inchi 78, kwahiyo mtutu mzima wa inchi 39 ni nusu mzunguko tu.

Nieleze kwanini tulishangilia. Baada ya yale maasi ya India ya 1857 Waingereza waliogopa kuwapa askari wa Kihindi bunduki nzuri, wakatengeneza zinazofanana na hii kwa nje lakini tundu kubwa zaidi na laini ndani, haina mfuo hata mmoja, haipigi mbali. Na bidhaa nyingi za pwani hii zilikuwa zinakuja na upepo kutoka Bombay, kwahiyo mimi nilikuwa nimejiandaa kukuta laini. Halafu kuna Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kufunga biashara ya silaha za mifuo na za kisasa kuanzia latitudo 20 Kaskazini mpaka 22 Kusini, wakaachia gumegume, zile za kuwashwa kwa jiwe, zenye tundu laini, na baruti ya kawaida. Hii ya kwetu haiingii kwenye zile zilizoachiwa, kwahiyo ama iliingia kabla ya hapo ama ilipitia mlango wa uani. Mimi kura yangu ni kabla. Euan-Smith, balozi wa Uingereza pale Zanzibar, mwaka 1888 aliandika kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii, na majeshi ya Ulaya kipindi hicho yalikuwa yameshahamia za kupakia nyuma, zile za zamani zote zilitafutiwa soko. Tanga, Pangani, Bagamoyo, ndo milango yenyewe.

Habari mbaya ipo nyuma kabisa, pale baruti inapokaa. Kuna mashimoshimo ya kutu, na ni lazima yawepo, imelala na baruti miaka mingapi pale. Mzee alikaa na ile picha muda mrefu, anasogeza kamera nyuma, mbele, anazungusha. Swali lake sio kama mashimo yapo, ni kina chake ukilinganisha na unene wa ukuta, na bahati nzuri mtutu huu sehemu ya nyuma ni mnene kuliko pengine pote. Nikapima unene kwa nje na venia, kile kipimo cha mafundi, kila baada ya inchi, nikaandika kwenye daftari, hakuna sehemu iliyovimba. Kisha tukajaza dizeli, tukaziba tundu la kifa, tukausimamisha mtutu usiku kucha juu ya gazeti. Asubuhi gazeti kavu.

Ile skrubu ya kuziba nyuma hatukuifungua, na tukaulizwa sana mbona hamuifungui muone vizuri. Imekaa imara, haivuji, kamera inaiona. Kuitoa kunataka nguvu ambayo inaweza kuuzungusha mtutu au kuupasua pale penye kifa, kwa faida gani sasa.

Uamuzi wa Mzee: itapigwa, kwa mzigo mdogo, risasi ya duara nyepesi, hakuna kushindana na mtu. Baba mkwe akauliza, "Kwahiyo itakuwa nusu bunduki?" Mzee akamjibu, "Itakuwa bunduki na wewe utakuwa na macho mawili, shekhe." Likaishia hapo.


Masika, mvua haikatiki

Mtambo sasa. Vyuma vya ndani viko vizuri kuliko vya nje, mafuta ya zamani yaliganda yakavilinda. Nyundo ina vituo viwili, nusu na mwisho. Cha nusu ndo usalama wako wote, ukiwa umeivuta nusu kifyatulio kisifanye kitu hata ukining'inia. Yetu kile kidole kinachoshika nyundo kilikuwa kimeviringika nchani, ukigonga kitako chini nyundo inaachia. Mzee alikinoa kwa jiwe laini la mafuta, viharusi vichache, anajaribu, anarudia, akijua kuwa ukizidisha hapo huna pa kurudi. Sasa inashika. Tumetundika mzani wa kupimia samaki kwenye kifyatulio ikiwa kwenye kituo cha mwisho, inaachia baada ya kilo tatu na kitu. Ngumu kwa mtu aliyezoea za kisasa, ya kijeshi ndivyo ilivyokuwa.

Kifa ndo kazi yangu mimi, nijisifu kidogo. Cha zamani kilikuwa kimeliwa, tundu lake limepanuka mpaka unaona mwanga mkubwa. Tundu likiwa kubwa moto wa baruti unarudi juu, unaisukuma nyundo nyuma, vipande vya fataki vinaruka usoni. Tumekitoa kwa mafuta ya kulegeza na joto (mtutu mtupu, umeoshwa, umekaguliwa, narudia tena) na spana niliyoikereza ikakaa sawasawa kwenye mabega yake. Nyuzi zake ni za inchi za Kiingereza za zamani, ukilazimisha boliti ya milimita unaua nyuzi za mtutu ambazo huwezi kuzipata tena. Nikapima kwa geji, nikakereza kipya kutoka kwenye fimbo ya shokapu, nikakitoboa kwa juu kipana halafu chini kabisa tundu la milimita 0.75. Kidrili hicho ni chembamba, ukikipumulia vibaya kinakatika. Kikapashwa moto kikachovywa kwenye mafuta, kikapashwa tena kidogo kipunguze ukali. Kimeingia kwa vidole mpaka nusu, spana ikamalizia.


Mbao na mdeki

Hapa sina maneno mengi. Kitako ni wolnati ya Ulaya, ina ufa pale shingoni, gundi ya epoksi na kijiti cha ndani. Karibu na mtambo palikuwa pameoza, Mzee akapachika kipande cha mninga, kinaonekana, hatujaficha. Mafuta ya linsidi kwa kitambaa, kidogo kidogo. Vanishi hapana.

Mdeki wa chuma, ile fimbo ya kushindilia, ulishapotea zamani. Tumechonga wa mkole, na hapa mtu achague kijiti chake kwa makini, nyuzi za mti ziende moja kwa moja mwanzo mpaka mwisho. Zikikatiza, siku unashindilia unavunjika kwa mshazari unakuwa mkuki, na mkono wako ndo upo juu yake.


Juni, risasi

Upepo wa kusi, hewa nzuri ya kuyeyushia nje. Risasi tumechukua kwa wavuvi pale Deep Sea, chubwi za mishipi zilizochakaa, ni laini, ukucha unaacha alama. Vile vya kubalansi matairi vina mchanganyiko mgumu havifai, na betri za gari usiguse kabisa, ukiziyeyusha zinatoa gesi za sumu. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, jiko la mkaa linatosha, ila iwe mbali na watoto, mbali na sufuria za chakula, na tone la maji lisiingie, litarusha kila kitu.

Kalibu nilikereza mwenyewe. Goroli inatoka milimita 14.2, gramu 17. Kwa makusudi ni ndogo kuliko tundu, manake inavalishwa kitambaa, kitambaa ndicho kinachokamata ile mifuo. Tumetumia merikani, pamba tupu. Kujua ni pamba choma uzi mmoja, ukiwa majivu sawa, ukiwa tone linalonata peleka kwa fundi cherehani.

Kitambaa kinapakwa nta ya nyuki na shahamu. Hapo baba mkwe alisimama kabisa. "Shahamu ya nini?" Nikamwambia baba, ya ng'ombe, imetoka buchani kwa jirani yako. Akacheka, lakini swali lake lina historia, yale maasi ya 1857 cheche yake ilikuwa karatasi za risasi za bunduki hii hii, Enfield ya 1853, uvumi ukaenea kwa askari kuwa zimepakwa mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe, na askari alitakiwa aing'ate kwa meno kuifungua. Waislamu na Wahindu wote ukawa umewagusa kwa mpigo.


Julai, tumekaa

Baruti. Kila kitu kipo tayari na hatuna baruti, kibali kimechukua muda wake na hatukukitafutia njia ya mkato. Katikati ya kusubiri akaja mtu mwenye heshima zake akashauri tukate risasi za shotgani tutoe ile ya ndani. Kwa hilo sina upole: hiyo ni baruti ya kisasa isiyo na moshi, presha yake sio ya mtutu huu hata kidogo, kiasi kile kile kwa kijiko kinaugeuza mtutu kuwa bomu mbele ya uso wako. Bunduki hii inakula baruti nyeusi, basi. Na ya kujitengenezea nyumbani pia sio, watu wamepoteza vidole, wengine nyumba.


Agosti, uwanja wa shabaha

Imefika, na fataki zake, zile kubwa za kijeshi zenye ukingo wa kofia.

Mzigo wa jeshi kwa bunduki hii ulikuwa grini 68 hivi, kama gramu 4.4. Mzee ameanza na gramu mbili. Inapimwa kwenye kikombe kidogo cha shaba kwanza, hakuna kumimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja mdomoni, manake ikibaki cheche ndani ya mtutu unashika chupa nzima inayolipuka.

Hakuna bega la mtu lililohusika mwanzoni. Bunduki ilifungwa kamba juu ya tairi la lori, tairi likaegemezwa kwenye mifuko ya mchanga, kamba ndefu kwenye kifyatulio, sisi nyuma ya ukuta. Kwanza fataki peke yake. Ikalia pa, majani mbele ya mdomo yakatikisika, maana yake tundu liko wazi mpaka mwisho. Halafu baruti na kitambaa bila goroli. Halafu na goroli.

Sauti yake sio ile kali ya raifo za kisasa. Ni nzito, inasukuma kifua, na moshi, moshi mweupe mzito unasimama mbele yako huoni shabaha mpaka upepo uuchukue. Mzee akasema ndo maana mwaka 1914 pale Tanga, askari wa Wajerumani wengi wakiwa bado na zile Mauser za 1871 za baruti nyeusi, kila wakipiga walikuwa wanaonyesha walipo. Walishinda hata hivyo, watu kama elfu moja dhidi ya elfu nane wa upande wa Waingereza.

Kila baada ya mpigo mtutu umechunguliwa, venia imezungushwa kwenye vipimo vilevile vya daftari. Hakuna kilichobadilika. Mzee akapandisha kidogo, gramu mbili na nusu, kisha tatu, akasema hapa ndo nyumbani pake, haipandi tena.

Mara moja fataki ililia na baruti ikakaa kimya. Hapo hakuna kuigeuza wala kuchungulia, inabaki imeelekea mbele, unasubiri dakika nzima na zaidi, baruti inaweza kuwa inafukuta. Ikawekwa fataki nyingine ikaondoka. Unyevu wa bahari huo.

Ndipo baba mkwe akaitwa. Kavaa kofia yake ya kiua, miwani ya kuchomelea ile ya kioo cheupe, vizibo vya masikio. Mzee kamsimamia ubavuni, "Vuta nusu. Visha fataki. Sasa vuta mwisho. Bega, shekhe, ibane bega." Akabana. Ikalia. Moshi ulipoondoka alikuwa bado kaishikilia vilevile, halafu akageuka akatuuliza kwa sauti kubwa kwasababu ya vile vizibo, "IMEPATA?"

Haikupata. Mita 50, ilipita juu ya ubao wote. Za baadae zimeingia, zote juu, ila zimekusanyika pamoja, sahani ya wali ingezifunika. Sio ajabu kupiga juu, kidungu cha nyuma cha bunduki hii, kile cha kulengea, kipimo chake cha chini kabisa ni yadi 100 na ngazi yake inapanda mpaka 900, waliitengeneza kwa ajili ya kupigana kwa mbali, sio kwa ngedere.


Jioni ileile

Kuosha hakulali. Mabaki ya baruti nyeusi yananyonya unyevu, na Tanga unyevu hatununui, ukiiacha mpaka asubuhi utakuta kahawia mpya. Mtutu ukatoka kwenye mbao, kifa kikatoka, maji ya moto na sabuni ya mche yakapandishwa na kushushwa kwa kitambaa kwenye mdeki kama pampu, yanatoka meusi, yanatoka kijivu, yanatoka meupe. Maji ya mwisho yawe yanachemka, chuma kikishika joto kinajikausha chenyewe. Kisha mafuta ndani na nje, vitambaa vikavu kwanza mpaka viache kutoa rangi. Baada ya siku mbili inarudiwa kukaguliwa.

Kilichobaki ni kidungu cha mbele. Ili risasi ishuke kidungu cha mbele kinatakiwa kipande, na mimi nimeshachora kikofia kidogo cha shaba cha kukivisha juu yake bila kukigusa cha asili, kinatoka siku yoyote ukitaka. Nimempelekea baba mkwe mchoro nyumbani baada ya Ijumaa, shikamoo, marahaba, akaangalia, akaukunja akanirudishia.

"Usihangaike mwanangu. Marehemu mzee wangu alikuwa analenga miguu ya ngedere."